Soma upele kwanza, pampasi baadaye: maswali ya wasomaji

Barua nyingi za safari hii zinaeleza shida moja: mtoto anachubuka, na mama ameshabadili pampasi mara tatu bila nafuu. Tumechagua zilizotoka Dodoma na majirani zake, kwa sababu vumbi, ukavu wa hewa na maji ya visima vya huku vina mchango wake kwenye ngozi za watoto wetu.

Habari za kazi. Mwanangu ana miezi minne na kilo 6 na nusu. Kila nikimvalisha pampasi anatoka vipele. Nimeshajaribu aina tatu ndani ya wiki mbili. Naomba mnitajie moja tu isiyo na madhara.
*Mama wa kwanza, Ilazo*

Pole sana, mama. Aina isiyomdhuru mtoto yeyote haipo. Ile inayompenda mtoto wa jirani yako inaweza kumkataa wako. Ila upele wenyewe unaeleza umeletwa na nini, kwa mahali ulipokaa. Kabla hujanunua aina ya nne, mlaze mtoto karibu na dirisha mchana, mfungue, mpanue mapaja polepole, uangalie vizuri.

Ukikuta upele umekaa palipotuna, yaani kwenye matako, juu ya kinena na upande wa ndani wa mapaja, huku ndani kabisa ya mikunjo pako salama, hiyo ni kazi ya unyevu na msuguano. Mkojo ukikaa pamoja na kinyesi, bakteria huvunja urea na kutoa amonia. Amonia huondoa ile asidi kidogo inayoilinda ngozi, na hapo vimeng'enya vya kinyesi vinapata nguvu ya kuishambulia ngozi iliyokwisha kulainika kwa maji. Hapa tatizo huwa muda ambao pampasi imekaa mwilini, na mara chache sana huwa aina ya pampasi.

Ukikuta umeingia ndani ya mikunjo, rangi imeiva, ukingo wake unaonekana wazi, na pembeni kuna vipele vidogo vilivyotawanyika kama vifaranga kuzunguka mama yao, hao ni fangasi aina ya kandida. Mara nyingi hufuata dawa za antibayotiki alizotumia mtoto, au upele wa kawaida uliokaa zaidi ya siku tatu bila kushughulikiwa. Mwangalie na mdomoni: utando mweupe usiotoka ukiufuta ni ndugu yao huyo huyo. Hakuna pampasi inayotibu fangasi. Mpeleke zahanati, kwa kawaida hupewa krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 au ya nistatini, na inaendelea kupakwa siku kadhaa hata baada ya ngozi kuonekana safi. Wengi huacha mapema, ikarudi.

Ukikuta upele umefuata mstari, yaani kiunoni gundi inapoishia, au duara kuzunguka paja penye lastiki, hapo ndipo unapoweza kuituhumu pampasi yenyewe: lastiki, gundi, rangi ya michoro au manukato. Lakini kumbuka kwamba mzio wa ngozi hauji saa ile ile. Huchukua siku moja hadi tatu, kwa hiyo unaweza kuilaumu pampasi ya leo kwa kosa la ile ya juzi. Ndiyo maana aina tatu kwa wiki mbili hazijakufundisha kitu. Badili kitu kimoja tu, kisha mpe siku tano.

Halafu usingoje wekundu. Picha nyingi za upele zinaonyesha ngozi nyeupe, na mama akitafuta rangi hiyo kwenye ngozi yetu anachelewa. Kwetu sehemu iliyoumia hukolea rangi kuelekea zambarau au kijivu, inang'aa kidogo, na ukiigusa kwa mgongo wa kidole unasikia joto na mkwaruzo.

Sasa kuchagua. Geuza pakiti usome viambato. Neno la kukimbia ni *fragrance* au *parfum*. Pakiti iliyoandikwa *fragrance free* haina manukato. Iliyoandikwa *unscented* inaweza kuwa na kemikali ya kuficha harufu, basi isikudanganye. Chagua ambayo upande wa nje unashikika kama kitambaa na una vitundu visivyoonekana vya kupitisha mvuke, ile yenye nailoni tupu inayometa iache. Upande wa ndani uwe mweupe, bila losheni wala michoro.

Saizi fuata kilo, usifuate miezi. Kwa kilo 6 na nusu utajikuta katikati ya saizi mbili kwenye pakiti nyingi. Mapaja ndiyo yaamue. Ukifunga, vidole viwili viingie tumboni bila kubanwa, na zile kingo zenye lastiki zichomoze nje ya mapaja zote. Zikikunjwa ndani, mkojo unavuja na lastiki inamkata. Alama ya lastiki inayofutika baada ya dakika chache ni ya kawaida. Inayobaki hadi pampasi inayofuata maana yake saizi imepitwa.

Mchana badilisha kila baada ya saa mbili hadi tatu, na kinyesi kikitoka, papo hapo. Kwa miezi minne hiyo ni kama pampasi nane kwa siku, 240 kwa mwezi. Tunajua hiyo ni hela nyingi, na ndiyo sababu huko mbele tumeeleza habari za nepi.

Na kabla hujaihukumu pampasi, ondoa kwanza vitambaa vyenye unyevu vya kufutia. Vingi vina manukato, vingine vina kihifadhi ambacho jina lake linaishia na *isothiazolinone*, na hicho kinajulikana sana kwa kuleta mzio. Tumia maji ya vuguvugu na pamba au kipande cha kanga kuukuu. Maji yapime kwa kiwiko. Futa kutoka mbele kwenda nyuma, kisha kausha kwa kugandamiza kitambaa kikavu bila kusugua, mikunjo nayo ipate zamu yake. Muache wazi dakika 10 hadi 15 juu ya kanga iliyotandikwa mpira, mara tatu au nne kwa siku. Miezi ya Juni na Julai, asubuhi ya Dodoma ikiwa na baridi, fanya hivyo saa sita mchana. Halafu paka krimu ya zinki unene wa sarafu, ile ngozi isionekane chini yake. Ukija kumbadilisha, futa tabaka lililochafuka tu na uongeze juu. Kuikwangua yote kila mara ni kumchubua upya.

Sokoni Majengo zipo pampasi za bei nafuu, zinapangwa mafungu kwenye mfuko mweupe usio na maandishi. Nitajuaje kama ni nzuri?
*Mlezi wa wajukuu wawili, Chang'ombe*

Mfuko usio na maandishi hauna uzito wa mtoto, hauna viambato, hauna jina la mtengenezaji, na ukipata tatizo huna wa kumuuliza. Kwa mtoto mwenye ngozi inayodhurika upesi tunasema usinunue. Zimo zilizokataliwa kiwandani kwa sababu mkanda umekaa upande au jeli imejazana sehemu moja. Na zinazokaa wazi mezani hukusanya vumbi. Vumbi la Dodoma likikutana na mkojo kwenye ngozi laini linakuwa kama msasa.

Faida ya soko ni kwamba muuzaji atakukubalia tatu kutoka kwenye pakiti anayoifungua mbele yako. Hizo zitakutosha kupima nyumbani kabla ya kununua pakiti nzima. Chukua maji ya vuguvugu mililita 300, yeyusha humo nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi ni ya lazima: jeli iliyo ndani ya pampasi hunywa maji matupu kwa pupa kuliko inavyokunywa mkojo, kwa hiyo ukipima kwa maji ya bomba kila pampasi itakuonyesha uso mzuri.

Tandaza pampasi ya kwanza mezani. Mimina katikati vijiko vinne vya chakula, yaani mililita 60, polepole. Ngoja dakika 10. Weka juu yake tishu kavu iliyokunjwa mara nne, na juu ya tishu weka pakiti ya sukari ya kilo moja, iwe badala ya mtoto akikalia. Hesabu hadi 15, kisha inua. Tishu ikiwa kavu au na unyevu kidogo, endelea na mililita 60 nyingine, kisha nyingine. Nzuri itafika raundi ya tatu bila kuilowesha tishu. Ikilowa raundi ya kwanza, ngozi ya mtoto nayo italowa hivyo hivyo.

Angalia pia jeli inavyovimba. Ikikusanyika donge katikati ya miguu na pande zikabaki tupu, mtoto atatembea na jiwe, na msuguano utakuwa pale pale lilipo.

Ya pili ni ya kupima hewa. Bandua utando wa nje, ufunike kikombe cha maji ya moto yasiyochemka, bila kuugusisha maji, na juu yake geuzia glasi kavu ya baridi. Baada ya dakika tano, glasi ikiwa na ukungu, utando unapumua. Glasi ikibaki kavu na maji ni ya moto, hiyo ni nailoni, na mwezi wa kumi au wa kumi na moja, joto la hapa likipanda, mtoto atachemka humo ndani.

Ya tatu mvalishe.

Hamjambo wanangu. Mimi nimelea saba kwa nepi na mafuta ya alizeti ya kukamua, hapakuwa na vipele hivi. Mkwe wangu anasema mafuta yangu ndiyo yanaharibu. Nani ana haki?
*Bibi, Kongwa*

Shikamoo bibi. Haki mmegawana.

Mafuta ya alizeti ni rafiki wa ngozi ya mtoto. Yana asidi ya linoleiki kwa wingi, na ngozi huitumia kujijengea ukuta wake. Yawe masafi, yamechujwa, hayajawahi kukaangia kitu, na yapakwe kwenye ngozi nzima iliyokauka. Ila ni mepesi. Mkojo wa kwanza tu unayasukuma pembeni, kwa hiyo kwa ngozi iliyokwisha chubuka hayatoshi kuwa kinga. Hapo inatakiwa zinki au mafuta mgando.

Mkwe wako naye ana hoja moja ambayo zamani haikuwepo. Nepi ya kitambaa haijali mafuta sana, lakini uso wa pampasi ukipakwa mafuta mengi hauingizi mkojo haraka, unabaki juu. Kwa hiyo ukimsaidia kumvalisha pampasi, paka kidogo tu. Poda iacheni kabisa, bibi, hata ile ya dukani yenye picha ya mtoto. Ile ya talki ikiruka inaingia mapafuni, na zote zikilowa hugeuka uji kwenye mikunjo.

Kuhusu watoto wako saba: nepi ikilowa, kila mtu huiona na mtoto hulia, akabadilishwa. Pampasi inaficha, na mtoto anaweza kukaa saa sita ameonekana mkavu. Tunadhani hapo ndipo penye tofauti kubwa kuliko mahali pengine popote.

Tumeamua kurudi kwenye nepi za pamba kwa sababu ya gharama na vipele. Mimi ndiye ninayezifua. Tatizo zinakauka zikiwa ngumu kama ubao, na mtoto bado anachubuka. Nakosea wapi?
*Baba wa mmoja, Nkuhungu*

Hongera baba kwa kazi hiyo. Kosa lako liko kwenye maji na sabuni, na hilo ni la mji mzima. Maji mengi ya Dodoma mjini hutoka visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Ni maji ya chini ya ardhi, yana madini. Sabuni ya mche ikikutana na madini hayo, yaani kalsiamu na magnesiamu, haitoi povu vizuri. Inaganda ikawa ule utando wa kijivu unaouona ukingoni mwa beseni. Utando huo huo unabaki kwenye nyuzi za nepi. Nepi inakuwa ngumu, inasugua, na hainyonyi tena.

Hakikisha kwa jambo dogo: dondoshea tone la maji kwenye nepi kavu. Likizama mara moja, nepi ni safi. Likikaa juu kama shanga, sabuni imejaa humo. Hizo zifue mara mbili au tatu kwa maji ya moto peke yake, bila sabuni yoyote, mpaka maji yasitoe povu.

Kuanzia hapo badili utaratibu. Kinyesi kitupe chooni, nepi isuuze kwa maji ya baridi kwanza, kwa sababu ya moto yanagandisha uchafu kwenye kitambaa. Usiziloweke usiku kucha. Fua kwa sabuni ya unga isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 10 za maji ya moto ambayo mikono inaweza kuvumilia. Ya unga haigandi na madini kama ya mche. Suuza mara tatu. Kwenye suuzo la pili tia siki nyeupe mililita 120 kwa lita 10, inayeyusha mabaki ya madini na kupooza ukali wa sabuni, kisha la tatu liwe maji matupu. Dawa ya kulainisha nguo usitie kabisa. Inaacha mafuta na manukato. Dawa ya kung'arisha nayo iweke mbali. Masika ya huku, Desemba hadi Aprili, kinga maji ya mvua kwa ajili ya nepi tu. Ni laini, sabuni kidogo inatosha, na tofauti utaisikia mkononi siku ya kwanza.

Jua la Dodoma ni zawadi, linakausha kwa muda mfupi na kuua vijidudu vingi. Lakini anika ndani ya uzio, mbali na barabara ya vumbi, kwenye kamba na siyo juu ya majani au chini. Kung'uta kila moja kabla ya kuanua. Halafu piga pasi ya moto pande zote mbili na kwenye mishono, kwa sababu yuko nzi anayetaga kwenye nguo zenye unyevu, na buu lake huingia ngozini mwa mtoto. Pasi pia inazilegeza.

Ukifua kila siku, nepi 24 zinatosha mtoto mdogo. Chupi ya plastiki ya kuvaa juu iache kwa safari. Nyumbani inarudisha ule ule unyevu mnaoukimbia.

Kuna chembe kama sago zimebaki kwenye kinena cha mtoto asubuhi. Ni minyoo?
*Msomaji, Manyoni*

Hapana. Ni jeli ya pampasi iliyopasuka kwa kujaa. Haina sumu, zioshe kwa maji. Ila imekuonyesha kwamba pampasi ilivaliwa muda mrefu au ni ndogo kwake. Na kwa wanaoianika pampasi yenye mkojo ili ivaliwe tena, tafadhali acheni: maji yanakauka, lakini chumvi na bakteria vinabaki, na mkojo wa pili unaviamsha vyote.

Duka la dawa walinipa krimu yenye dawa tatu ndani. Siku mbili upele ukaisha kabisa! Nikiacha unarudi mkali zaidi. Sasa tumbo la chini lina mabaka meupe.
*Mama wa miezi saba, Mpwapwa*

Mama, acha hiyo krimu kuitumia chini ya pampasi, kisha ichukue pamoja na boksi lake uende nayo kituo cha afya. Soma viambato. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, hiyo ni steroidi yenye nguvu. Inazima uvimbe haraka, ndiyo maana ulishangilia siku ya pili, lakini fangasi waliobaki wanapata mwanya. Pampasi nayo inafunika dawa na kuibana kwenye ngozi nyembamba, hivyo inaingia mwilini nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Ngozi hukonda na kupauka.

Mabaka yanaweza kuwa yametokana na krimu, au ni ngozi iliyopona tu. Baada ya upele mkali ngozi nyeusi hupauka kwa wiki au miezi kisha rangi hurudi yenyewe. Daktari atatofautisha. Usijaribu kuyapaka kitu cha kuyafuta.

Wengine mnaosoma: msitie dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya kumwoshea mtoto, inaunguza. Magadi na soda ya kuokea navyo visikaribie ngozi iliyochubuka. Na msingoje siku tano za majaribio mkiona homa, malengelenge, usaha, ngozi inayobanduka au damu. Nenda siku hiyo hiyo, hasa mtoto akiwa hajatimiza miezi miwili. Vilevile upele wa matakoni ukiwa pamoja na wa kuzunguka mdomo na vidoleni, na mtoto anaharisha, mwambie daktari yote matatu kwa pamoja, kwa sababu unaweza kuwa upungufu wa madini ya zinki mwilini, ambao krimu ya juu haiuponyi.

Nasafiri na mtoto wa miezi mitano kwa basi kutoka Dodoma hadi Mwanza. Nibebe pampasi ngapi?
*Msafiri, Kikuyu*

Kwa safari ya kutwa beba kumi: sita za kawaida na nne za dharura, maana akiharisha njiani hutapata duka. Weka chupa ya lita moja ya maji yaliyochemshwa, vitambaa vitano vikavu, krimu ya zinki na mifuko ya kufungia zilizochafuka. Paka zinki kabla ya kupanda, kwa sababu hujui basi litasimama lini. Kila likisimama mbadilishe, hata kama pampasi inaonekana kavu, na uilegeze kidogo kiunoni akiwa amekaa mapajani kwako. Joto la kiti na lastiki iliyobana ndiyo huleta vipele vya jasho mgongoni.